Hakuna Anayejua Kwamba Anachekesha

Wiki ya tatu ya mazoezi, mwigizaji wetu wa Sir Peter Teazle, mume mzee katika futuhi tuliyokuwa tukiiandaa chuoni, alikuwa keshakusanya vituko vya kujaza tamthilia nzima. Alitetemesha mkono, alikohoa katikati ya sentensi, aligongagonga fimbo sakafuni, na kila alipojikwaa kwenye zulia sisi tuliokaa kumtazama tulicheka mpaka machozi. Wiki ya nne tukawaalika wanafunzi wachache wasioijua kazi yetu. Nao walicheka, dakika kumi hivi, kisha wakanyamaza. Mazoezi yalipokwisha mmoja wao akaniuliza, kwa nia njema kabisa, "Hivi yule mzee na mkewe wanagombania nini?" Sikuwa na la kumjibu, maana jibu lilikuwa ndani ya maneno tuliyoyafunika kwa kikohozi.

Kwa hiyo kama wewe ndiye umepewa kazi ya kuongoza futuhi ya zamani chuoni kwenu, ile inayochekea tabia na adabu za watu wa tabaka la juu, shika hili kabla ya jingine lolote: hakuna mtu jukwaani anayejua kwamba anachekesha. Raha yake ni mtu anayejitahidi kwa moyo wote aonekane mwema, au kijana, au asiye na wivu, huku maneno yake mwenyewe yakimuumbua. Akianza tu kuikonyeza hadhira, amekwisha.

Sisi tulichagua The School for Scandal ya Richard Brinsley Sheridan, iliyochezwa mara ya kwanza Mei 8, 1777 katika ukumbi wa Drury Lane, London. Sheridan alikuwa na miaka 25. Niliwaambia waigizaji hilo siku ya kwanza, kwa kuwa wengi waliiogopa wakidhani ni kazi ya wazee waliovaa wigi, kumbe aliyeiandika alikuwa rika la kaka zao. Na inavyoanza haihitaji maelezo: Lady Sneerwell yuko kwenye meza yake ya kujipambia, anamuuliza Snake, kibaraka wake, kama zile habari za kuwachafua watu zimeshapenyezwa magazetini. Hakuna kati yetu aliyeuliza hilo lina maana gani.

Kaeni mezani na maandishi muda mrefu kuliko mnavyotamani. Sisi tulikaa siku nne, na ingetufaa wiki mbili. Sentensi za Sheridan ni ndefu na mwiba wake uko mwishoni, hivyo mwigizaji anayeishiwa pumzi katikati anaidhulumu hadhira kile ilichokuwa ikikingoja. Zoezi lililotusaidia ni dogo sana: kila mtu aliisema sentensi yake huku akitembea, haruhusiwi kusimama wala kugeuka mpaka afike kwenye nukta. Baada ya siku mbili sauti zao zikaacha kudondoka.

Hapo mezani ndipo pia pa kuamua mtamfanyaje Moses, mkopeshaji fedha wa Kiyahudi. Maandishi yanamdhihaki kwa asili yake, na wahusika wengine wanatoa kauli za dharau juu ya Wayahudi ambazo mimi sioni sababu yoyote ya kuzirudia leo. Tulizikata. Moses akabaki mfanyabiashara makini anayejua hesabu zake, na hadithi haikupungukiwa na kitu. Msilisogeze jambo hili mpaka wiki ya mwisho, kwa sababu mwigizaji mmoja ndiye atakayelibeba peke yake.

Maleba nayo yasingoje. Sketi za mazoezi zivaliwe tangu wiki ya kwanza, hata kama ni shuka iliyofungwa kiunoni. Mtu aliyezoea suruali anakaa kwa namna moja na mtu mwenye sketi pana anakaa kwa namna nyingine kabisa, na hilo huwezi kulifundisha siku mbili kabla ya onyesho. Vivyo hivyo upepeo, vivyo hivyo kuinama kwa salamu. Salamu zirudiwe mpaka ziwe za mwili, kwa sababu watu hawa wanatukanana kwa salamu.

Sasa kiambaza. Katika onyesho la 3 la tendo la 4, Joseph Surface, anayesifiwa na wote kwa maadili yake, yuko nyumbani kwake na Lady Teazle, mke kijana wa Sir Peter. Mume anafika ghafla na mke anajificha nyuma ya kiambaza cha kukunja. Halafu anakuja Charles, mdogo wake Joseph, na Sir Peter naye anajificha kwenye kijichumba cha pembeni. Mwishowe Charles anakiangusha kiambaza. Frederick Reynolds, aliyekuja kuwa mwandishi wa tamthilia, alisimulia kwamba alipokuwa kijana mdogo alipita chini ya ukumbi wa Drury Lane tamthilia ikiwa jukwaani, akasikia kishindo juu yake, akatimua mbio akidhani jengo linaporomoka. Kilikuwa kicheko na makofi ya watu baada ya kiambaza kuanguka.

Chetu kilianguka kama shuka. Tulikuwa tumewamba turubai zito kwenye fremu za mbao, hewa ikanasa chini yake, kikashuka polepole bila sauti mbele ya Charles aliyebaki ameinua mkono. Fundi wetu wa seti, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alipasua matundu kwenye kitambaa upande usioonekana, akapigilia ubao mgumu ukingo wa juu, akaondoa zulia mahali unapotua. Kuanzia hapo kililia pa! na ukumbi mzima ulishtuka.

Lakini kishindo ni nusu tu ya kazi. Anayejali zaidi atajiuliza Lady Teazle anafanya nini muda wote ule asipoonekana. Tulitoa kitambaa chote tukafanya mazoezi kwa fremu tupu wiki nzima, na hilo ndilo lililoiokoa tamthilia yetu. Kwanza tuligundua kwamba Joseph aliagiza kiambaza kiwekwe dirishani ili jirani mdadisi wa ng'ambo asichungulie ndani; basi mwanamke aliyejificha kati ya kiambaza na dirisha yuko wazi kabisa mbele ya huyo huyo jirani. Mwigizaji wetu alipolitambua hilo aligeuka akatazama dirishani, na uso wake ukabadilika.

Kisha Sir Peter anaanza kumweleza Joseph siri yake. Ameandika hati mbili: kwa moja mkewe atapata pauni 800 kwa mwaka za kutumia apendavyo yeye Sir Peter akiwa hai, na kwa nyingine sehemu kubwa ya mali atakapokufa. Mkewe anayasikia yote hayo. Siku ya pili ya fremu tupu, mwigizaji wetu wa Lady Teazle aliacha kujipepea. Aliushusha upepeo taratibu mpaka ukagusa sketi, akabaki hivyo. Mwigizaji wa Sir Peter alimwona kupitia kwenye fremu. Hakukohoa tena. Sikumwambia neno, alikiacha kikohozi mwenyewe, na siku ile ndiyo nikajua ningemjibu nini yule mgeni wetu.

Usiku wa onyesho hadhira iliangua kicheko kiambaza kilipoanguka, nasi tukaacha kicheko kiishe chenyewe. Joseph akaanza kutunga uongo wa kujinasua, akamgeukia Lady Teazle amuunge mkono. Alipokataa kuunga mkono hata neno moja, hakuna aliyecheka, wala hatukutaka wacheke.

Kwa hiyo toeni kitambaa mapema. Kikisharudishwa, mwekeeni Lady Teazle wenu nyuma yake chupa ya maji na kigoda, na mwambieni asikikalie mpaka Sir Peter amalize kuzungumzia zile pauni 800.