Kioo kinakuja Moshi, ugonjwa unabaki Tanga

Mwezi huu nimeletewa kwa basi vioo vitatu vya kipima kina, mashine inayopima kina cha maji chini ya chombo. Nikaviunga kwenye betri yangu na sensa yangu (kile kipande cha majini kinachotoa mlio na kusikiliza mwangwi wake), nikatumbukiza sensa ndani ya pipa la lita 200. Viwili vikasoma kina cha pipa bila kusita. Wenyewe wamelipa nauli ya mzigo kuja na kurudi, na chombo kiko palepale kilivyokuwa. Kabla hujafungua skrubu ya kioo, soma hapa.

*Shikamoo fundi. Kipima kina changu hakifanyi kazi. Nifanyeje? (Pangani)*

Marahaba. Hakifanyi kazi vipi? Kinawaka? Kinaonyesha vistari, au namba zinaruka? Kwenye maji ya kina gani? Injini ikiwa imewashwa au imezimwa? Swali la namna hii nimelijibu mara nyingi mno. Niandikie hayo manne, nami nitakujibu siku hiyohiyo.

*Kioo kinazimika kila nikipiga stata, halafu kinajiwasha chenyewe. Fundi wa hapa anasema ninunue kipya. (Tanga)*

Usinunue. Chukua mita ya umeme, upime nyuma ya kioo, pale waya wa umeme unapoingia, kioo kikiwa kinawaka. Watu wengi wanapima kwenye betri, wanaona volti 12.6, wanaridhika. Mara nyingi betri haina kosa. Umeme unapotelea njiani. Mwambie mwenzako apige stata huku ukiangalia mita. Ikishuka chini ya volti 10, vioo vingi huzima.

Fuata waya kuanzia betri. Fungua kishikio cha fyuzi. Mwaka jana nilishuka Tanga kwa tatizo hilihili. Kishikio kwa nje kilikuwa kisafi kabisa. Nilipokifungua, unga wa kijani ukamwagika kiganjani, na waya ukabaki nyuzi mbili tu. Tulikata, tukaunga upya, na kioo kinasoma hadi leo. Na tafadhali, waya wa kufungia taa za nyumbani usiutumie baharini. Chumvi inapenya ndani ya plastiki na kuila shaba ambako huioni. Tafuta wenye shaba iliyopakwa bati, na kioo kipe njia yake pekee, kisichangie na stata wala pampu.

*Nikivuka kwenda Pemba namba zinaanza kuruka: mita 2, mita 40, mita 1.8. Nikikaribia nchi kavu zinatulia. Sensa imekufa? (Tanga)*

Sensa ni nzima. Mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati ya bara na kisiwa, unafika kina cha mita 800 hivi. Sauti majini hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mlio unachukua zaidi ya sekunde moja kushuka na kurudi. Mashine yako haisubiri muda huo, nayo haina nguvu ya kusikia mlio uliochoka hivyo. Inakamata mapovu, viumbe wadogo wanaoelea, hata mwangwi wa mlio wa nyuma, na kukuandikia namba. Kama mashine ina masafa mawili ya mlio, ya chini (kilohezi 50) yanafika mbali zaidi kuliko ya juu (kilohezi 200), lakini hata hayo usiyategemee pale katikati.

Lipo jambo hujauliza. Ukishazoea kuzipuuza namba ndogo katikati ya mkondo, utazipuuza na karibu na mwamba. Kioo kikikuandikia mita 2 na ramani inaonyesha miamba jirani, amini kioo, punguza mwendo, kisha uhakikishe.

*Mkuku (uti wa chini) wa yoti yangu unashuka mita 1.8 chini ya maji. Nimepanda fungu la mchanga huku kioo kikisoma 1.4. Kimeharibika? (Tanga)*

Kilisema kweli. Sensa yako bila shaka iko kama sentimita 40 chini ya uso wa maji, nacho kinapima kuanzia hapo. Ongeza hizo 40 upate 1.8, na mkuku umegusa. Ingia kwenye mipangilio, ongeza 0.4 kisome kuanzia juu ya maji, au punguza 1.4 kisome kuanzia chini ya mkuku. Mimi napenda kuanzia juu ya maji, kwa sababu bildi, ile risasi ya kupimia kina kwa kamba, nayo inapima hivyo. Lolote utakalochagua, liandike kwenye karatasi uibandike kando ya kioo. Anayeshika usukani usiku huenda si wewe. Na bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) la Tanga linapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo kina cha asubuhi si kina cha alasiri.

*Naweza kugundisha sensa kwa ndani bila kutoboa chombo? (Pangani)*

Jahazi la mbao, hapana, mbao inaumeza mlio. Faiba isiyo na povu katikati, ndiyo, ila jaribu kwanza: weka sensa ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji, uubane kwenye faiba, uone kama inasoma. Ikisoma, gundisha kwa epoksi bila kuacha kapovu hata kamoja.

Kwa wenye sensa ya nje: mnapopaka deheni (mafuta na chokaa ya kulinda mbao) au rangi, msiipitishe juu ya sensa kama mnapaka ubao. Nimeikuta sensa imezikwa chini ya deheni nene kama chapati. Na uoto ukwanguliwe kwa kipande cha plastiki, si kwa brashi ya waya.

*Boti yangu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu inasoma vizuri ikisimama. Ikikimbia namba zinapotea. (Mwanga)*

Mapovu yanapita juu ya sensa. Ishushe kidogo, iweke mbali na propela.

*Waya wa sensa ni mrefu, niukate? (Moshi)*

Usiukate. Uviringishe, uufunge mbali na alteneta na waya wa redio.

*Fundi, siku hizi simu ina ramani ya bahari. Bado nibebe bildi kama babu? (Tanga)*

Ubebe. Ramani inakuambia kina cha siku ile waliyopima, na mafungu ya mchanga mtoni Pangani yanahama. Simu ikiingia maji, huna kitu.

Tafuta kipande cha risasi cha kilo 2 au 3, na kamba ya mita 20. Iloweke kamba kwanza, ivute, ndipo uweke alama kila mita: kitambaa, fundo, kitambaa, fundo, na ngozi kwenye 5 na 10, ili gizani kidole kijue. Toboa shimo chini ya risasi, ulijaze shahamu. Bildi ikipanda na mchanga, nanga itashika. Ikipanda na vipande vya matumbawe, sogea kabla hujatupa nanga. Hiyo ndiyo njia ninayowapimia wateja wangu vioo: nateremsha bildi kando ya sensa na kulinganisha namba. Zikipishana zaidi ya upana wa kiganja kwenye mita 5, ndipo ninapoanza kukishuku kioo.