Nilidhani "vuta picha" ni msemo tu

Mteja aliingia na kitenge cha yadi 6, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani. Hakuwa na picha ya mshono kwenye simu, akaueleza kwa mdomo: kola ya kusimama, mikono mipana mpaka kwenye kiwiko, marinda mawili pindoni. Binti ninayemfundisha kazi alifumba macho kidogo, kisha akasema, "Dada, rinda la chini litakata ua katikati. Tukianzia kukata upande huu maua yatabaki nusu nusu."

Nikakunjua kitambaa, nikapima kwa tepu. Ilikuwa kweli.

"Umejuaje?"

"Nimeliona gauni."

"Umeliona wapi?"

Akashangaa swali lenyewe. Akaniambia kwamba mteja anapoeleza, gauni linajitengeneza mbele yake, na rangi zake, na anaweza kuligeuza akatazama mgongo. Mimi nikafumba macho hapo hapo, nikajaribu gauni lile lile. Giza. Nilichokuwa nacho ni sauti yangu mwenyewe ndani ikirudia: kola ya kusimama, mikono mipana, marinda mawili.

Nimeshona hapa Tanga kwa miaka 19. Siku zote niliposikia watu wakisema "vuta picha" au "picha ikanijia", nilichukulia ni namna ya kusema, kama mtu anaposema moyo umemdondoka. Sikujua kwamba wengine picha inawajia kweli.

Jioni ile nilianza kuuliza kila aliyekuwa karibu nami, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika makala hii. Majibu niliyoyapata yamebadili namna ninavyofundisha kazi, ninavyoishi na mume wangu na ninavyowatazama watoto wanaoambiwa hawana akili.

Kwanza niseme kwamba jambo hili limechunguzwa na wataalamu kwa muda mrefu. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton alichapisha majibu ya watu aliowataka waikumbuke meza yao ya kifungua kinywa cha asubuhi ile, wamwambie kama wanaiona kwa mwanga na rangi zake. Wanasayansi wengi aliowauliza walimjibu kwamba hawaelewi anazungumzia nini, kwamba hilo "jicho la akili" walilidhani ni lugha ya mafumbo. Niliposoma hapo nilijisikia nimepata ndugu. Jina la hali hii ya kutoona picha kichwani lilichelewa sana: mwaka 2015 daktari Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter na wenzake ndio walioiita afantasia. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa ameandika habari za mzee mmoja aliyepoteza picha zote za kichwani baada ya kufanyiwa tiba ya moyo. Habari hizo zilipoenea, watu wakamwandikia wakisema wao wamekuwa hivyo tangu kuzaliwa. Wasioona chochote kabisa ni wachache, kati ya mtu 1 na 4 katika kila 100. Upande wa pili wapo kama yule binti wangu, ambao picha zao zinakaribia kuwa kama kuona kwa macho. Wengi wako katikati.

Na si suala la mtu kujieleza vibaya. Watafiti wa Sydney, Australia, walionyesha mwaka 2022 kwamba mtu wa kawaida akiwazia umbo lenye mwanga mkali, mboni za macho yake husinyaa kidogo, kana kwamba mwanga upo mbele yake. Kwa wenye afantasia mboni hazikufanya hivyo. Mwili wenyewe unatoa ushahidi.

Sasa nirudi chuoni, yaani madrasa niliyosomea Kurani utotoni, kwa sababu huko ndiko kulikoniuma.

Nilikuwa na miaka 11, tunahifadhi Surat al-Mulk. Tulitumia msahafu wa Madina, ule wa kurasa 604 wenye mistari 15 kila ukurasa. Binti wa shangazi yangu alikuwa hodari kuliko sote. Akikwama anafumba macho, kidole chake kinatembea hewani kutoka kulia kwenda kushoto, halafu anaendelea. Alikuwa akiniambia, "Hiyo aya iko ukurasa wa kulia, karibu na chini." Akipewa msahafu wa chapa nyingine, ambao mistari yake imepangwa tofauti, alichanganyikiwa na kugoma kuusomea. Maalim wetu naye alihifadhi kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo kwake hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kuhifadhi.

"Fumba macho, utazame ukurasa."

"Sioni, maalim."

"Huoni au hutaki?"

Nilichapwa kwa neno hilo zaidi ya mara moja. Mwishowe nikajifunza kusema uongo: nafumba macho, nazungusha kidole hewani kama binti wa shangazi, huku ndani nasubiri sauti ije. Na sauti ilikuja. Al-Mulk ina mlio wake mwishoni mwa aya: qadiir, ghafuur, futuur, hasiir, sa'iir. Kila mlio ulikuwa ukiuvuta mwenzake, kama shanga zilizo kwenye uzi mmoja. Usiku nilisikiliza kaseti kwenye redio ya baba, nikalala nayo masikioni. Niliimaliza sura, lakini nilimaliza nikiamini kwamba nimedanganya, kwamba wenzangu wamehifadhi na mimi nimebahatisha tu. Imani hiyo niliibeba hadi nimekuwa mtu mzima mwenye watoto.

Kwa hiyo wewe maalim, mwalimu, au mzazi unayemsomesha mtoto nyumbani, naomba sana ubadilishe swali. Acha kumwambia "fumba macho uone". Muulize, "Ukifumba macho, kinakujia nini?" Kisha pokea jibu lake kama lilivyo. Mtoto akisema anaona ukurasa, mpe msahafu mmoja au daftari moja na usimbadilishie, asomee humo humo. Akisema anasikia, mpe sauti: asome kwa nguvu, asikilize, arudie akitembea uani. Akisema hajui, mpe muda, maana hata watu wazima wengi hawajawahi kuulizwa.

Na yule anayenong'ona akifanya hesabu, usimkemee. Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky alifundisha karibu miaka 100 iliyopita kwamba mtoto huanza kujiongoza kwa kusema kwa sauti, na kwamba maneno hayo ndiyo yanayoingia ndani taratibu yakawa mazungumzo ya kimoyomoyo. Ukimziba mdomo mapema unamnyang'anya ngazi akiwa katikati ya kupanda.

Habari ya kusema kimoyomoyo nayo ina mambo yake. Mimi kichwa changu hakinyamazi. Nikishona najielekeza hatua kwa hatua: acha nusu inchi, geuza, piga pasi kwanza, sasa pindo. Nilidhani kila mtu yuko hivyo. Mume wangu ni Msambaa wa Lushoto, mtu wa maneno machache. Kwa miaka 12 tumegombana kwa sababu ya swali moja. Nikimkuta amekaa kimya barazani namuuliza, "Unawaza nini?" Anajibu, "Siwazi kitu." Mimi najua kichwa hakiwezi kukaa bila neno, kwa hiyo najua ananificha. Nimelia kwa jibu hilo.

Baada ya mambo ya gauni nilimuuliza kwa namna nyingine. Nikamwambia, nieleze tu, ndani mna nini ukikaa pale. Alifikiri sana. Akasema hamna maneno. Jambo linamjia likiwa zima, analijua, lakini maneno anayatafuta pale tu anapotaka kumwambia mtu. Maneno ya ndani humjia akihesabu fedha, na hapo huhesabu kwa Kisambaa, hata kama fedha zenyewe ni za mteja anayesubiri na anayezungumza Kiswahili.

Mmarekani Russell Hurlburt amefanya kazi nzuri kuhusu hili. Aliwapa watu kifaa kinacholia wakati wowote wa siku bila wao kujua, na kikilia waandike kilichokuwa akilini sekunde ile. Katika uchunguzi mmoja wa wanafunzi, maneno ya ndani yalikuwepo takriban robo tu ya nyakati hizo, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa sana. Wapo ambao hawakukutwa na neno hata mara moja. Na mwaka 2024 watafiti Johanne Nedergaard na Gary Lupyan waliandika kwamba watu wenye maneno machache ndani walipata tabu kidogo zaidi kukumbuka orodha ya maneno na kutambua yanayofanana mwisho, ila katika kazi nyingine za akili walizopewa hawakuachwa nyuma.

Ushauri wangu kwa walio kwenye ndoa: ukimuuliza mwenzio anawaza nini, mwachie nafasi ayatafute maneno. Mimi sasa namuuliza jioni, nachukua jibu asubuhi. Wakati mwingine hunijibu tukiwa njiani kwenda sokoni, jibu limenyooka kuliko yangu yote. Na usimwite muongo kwa sababu tu ndani kwake hakufanani na kwako.

Kwenye kazi, jueni kwamba kutoona si kutoweza. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni ya filamu za katuni iliyojaa watu wa kuchora, ameeleza hadharani kwamba haoni picha kichwani. Mimi njia yangu ni mikono na namba. Kiuno 32, makalio 42, urefu wa mgongo, vyote navisikia nikikata. Lakini siku hizi sijidai tena. Mteja akieleza mshono kwa mdomo, namsimamisha, natandika kitambaa begani kwake, nabana kwa pini, natazama kwa macho haya. Kama hayupo, naweka kwenye sanamu. Au namwambia binti achore kwa chaki kwenye ubao niliouning'iniza ukutani, kwa sababu yeye anaona na mimi sioni, na gauni moja linatuhitaji wote wawili. Fundi mwenzangu mwenye hali kama yangu, nunua ubao. Ni bei ya chini sana ukilinganisha na kitenge cha mtu ulichokiharibu.

Lipo moja nimelichelewesha kwa kuwa ni zito. Mama yangu alifariki miaka 6 iliyopita. Ndugu zangu husema wakifumba macho wanamwona, na kwa muda mrefu nilidhani nimemsahau, kwamba mapenzi yangu yalikuwa madogo. Sasa najua sikumsahau. Namjua mwendo wake, najua alivyokuwa akifunga kanga, na sauti yake akiniita kutoka jikoni ninayo hadi leo. Sura ndiyo haiji. Kama nawe uko hivyo, piga picha za wazazi wako wangali hai, na si za sherehe pekee. Mpige akichambua mchele, akicheka, akiwa amekasirika. Mrekodi akizungumza. Mimi nina picha 4 tu za mama, na katika zote amesimama wima akimtazama mpiga picha.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alikuja likizo, ana miaka 9, naye yuko Surat al-Mulk. Nilimuuliza ukifumba macho kinakujia nini. Akafumba, akakaa kimya, akasema haoni ukurasa wala hasikii sauti, ila ulimi wake unajua pa kwenda. Hilo sikuwahi kulisikia kwa mtu yeyote. Nikamwambia asome, na kweli, midomo ilianza kabla yake.