Jicho Likigoma Kupona, Omba Kipimo cha Kaswende

Kwa wiki tatu niliamini nina jicho jekundu la kawaida. Lilikuwa la kulia. Mwanga ulilichoma, na ikifika jioni lilitiririka machozi bila sababu. Kituo cha kwanza walinimulika kwa tochi, wakanipa matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, nikarudi nyumbani. Siku tano likatulia. Kisha ukungu ukarudi, safari hii pamoja na vidoa vyeusi vilivyoelea kila nilipogeuza macho. Asubuhi moja nilifunika jicho la kushoto kwa kiganja nikatazama kalenda ukutani. Niliona karatasi nyeupe tu. Tarehe zote zilikuwa zimepotea.

Daktari wa macho niliyemwendea baadaye alinitia dawa ya kupanua mboni, akaniambia niweke kidevu kwenye mashine, akachungulia kwa muda mrefu. Alipomaliza hakusema lolote kuhusu jicho. Alisema, "Nionyeshe viganja." Vilikuwa safi. Akauliza kama miezi ya karibuni niliwahi kupata vipele visivyowasha viganjani au kwenye nyayo. Nilipata, ndiyo, miezi miwili nyuma. Nililaumu sabuni, na kabla sijaibadilisha vikaondoka vyenyewe. "Leo hii tunapima kaswende," akasema, "na VVU pia."

Nilishikwa na aibu hadi masikio yakawa ya moto. Sikukumbuka kidonda chochote. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kidonda cha kwanza cha kaswende mara nyingi hakiumi, kinaweza kujificha mahali usipopaona, na hupona chenyewe huku vijidudu vikiendelea kusambaa kwenye damu. Jicho linaweza kushambuliwa katika hatua yoyote ya ugonjwa, mapema au miaka mingi baadaye. Mara nyingi kinachowaka ni uvea, tabaka la katikati la jicho, lakini retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mshipa wa fahamu wa jicho navyo havisalimiki. Na kwa kuwa dalili hizi zinafanana na za magonjwa mengine mengi ya macho, daktari asiyeulizia kaswende hawezi kuigundua.

Kuhusu vipimo, kuna makundi mawili, na nakusihi ujue tofauti yake. RPR na VDRL huonyesha nguvu ya ugonjwa kwa namba. Yangu ilisoma 1:128, maana yake damu yangu ilizimuliwa mara 128 na bado kipimo kikaitikia. Kundi la pili, kama TPHA, hutafuta kinga iliyotengenezwa mahususi dhidi ya kijidudu chenyewe, na kwa watu wengi hubaki chanya maisha yote hata baada ya kupona. Kwa hiyo usishtuke miaka ijayo ukipimwa kwa hicho ukaambiwa una kaswende. Muulize anayekupima RPR inasemaje. Na majibu hasi ya RPR peke yake yasikutulize kama jicho bado linakusumbua: katika kaswende ya muda mrefu inaweza kusoma hasi, na kinga ikiwa nyingi mno kwenye damu kipimo huweza kuzidiwa, kisionyeshe kitu mpaka maabara waizimue damu zaidi. Omba vipimo vyote viwili.

Daktari aliniuliza pia kuhusu kichwa, masikio na miguu: naumwa sana kichwa, nasikia vizuri, natembea bila kuyumba? Kama ningekuwa na dalili za ubongo au mishipa ya fahamu, wangechukua maji ya uti wa mgongo. Kwangu jicho lilitosha kuanza tiba bila kuyasubiri.

Hapa ndipo ningependa usome taratibu. Nilipofika chumba cha sindano na majibu yangu, muuguzi alikuwa tayari kunidunga benzathini penisilini takoni, sindano ambayo watu wengi wanaijua kama tiba ya kaswende. Daktari akaizuia. Sindano ile huponya kaswende ya mapema, lakini dawa yake haifiki jichoni kwa kiwango cha kutosha. Kaswende ya jicho hutibiwa kama ile ya ubongo: penisilini G ya fuwele kwenye mshipa, uniti milioni 18 hadi 24 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Nililazwa. Kila baada ya saa nne muuguzi alikuja na chupa, hata saa nane za usiku, na nilijifunza kulala mkono wenye kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa, ukiwa umenyooshwa. Kama mwili wako unakataa penisilini, sema mapema sana. Zipo njia: kuuzoesha mwili kidogo kidogo chini ya uangalizi, au kwa baadhi ya wagonjwa seftriaksoni, dawa nyingine ya kuua bakteria.

Usiku wa kwanza nilipata homa kali, nikatetemeka, kichwa kikagonga. Nilidhani dawa inanidhuru, nikataka waitoe. Muuguzi akanieleza kuwa ni vijidudu vinavyokufa kwa wingi, na kwamba hali hiyo hupita ndani ya saa 24. Ilipita. Usiikimbie tiba kwa sababu hiyo.

Matone ya steroidi nayo si adui. Nilirudishiwa hayo hayo, ila sasa penisilini ikiwa ndani. Kosa lilikuwa kuyatumia peke yake, maana yalinyamazisha wekundu huku vijidudu vikiendelea na kazi yao.

Kumwambia mke wangu ndiyo ilikuwa ngumu kuliko kanula. Nilimwambia kitandani pale hospitalini, mlango umefungwa, na sikumficha kitu. Alilia, akakaa kimya siku nzima, kesho yake akaenda kupimwa. Akatibiwa naye, na tukakaa mbali kimwili mpaka wote wawili tukamaliza. Sina maneno matamu ya kukupa hapa. Mwambie tu, kwa sababu huenda naye anaumwa bila kujua, na kama ni mjamzito, mtoto yuko hatarini.

Miezi mitatu baada ya tiba RPR yangu ilishuka hadi 1:32, na baada ya miezi sita ikawa 1:8. Jicho linasoma hadi mstari wa pili kutoka chini kwenye ubao wa kliniki. Usiku taa za magari bado huwa na duara linaloizunguka kila moja, na daktari amesema huenda zikabaki hivyo, kwa kuwa nilichelewa. Kipimo kijacho ni miezi kumi na miwili baada ya tiba. Tutakwenda wote wawili.