Jibu: Kasri na soko la Seoul kwa siku moja, wanafunzi 20

Mwalimu, umeuliza kama wanafunzi 20 watamaliza kasri na soko kwa siku moja. Watamaliza, ila isiwe Jumanne: kasri la Gyeongbokgung hufungwa siku hiyo. Fikeni saa tatu asubuhi. Saa nne walinzi hubadilishana zamu kwa ngoma, msiikose. Ukivaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, unaingia bila kulipa tiketi.

Kisha treni ya njia ya 3 hadi Jongno 3-ga, mbadilishe kwenda njia ya 1, mshuke Jongno 5-ga. Soko la Gwangjang liko hapo. Choroko husagwa kwa jiwe mbele yako, uji wake ukakaangwa kwenye mafuta mengi mpaka kingo zikauke: ndiyo bindaetteok. Waislamu waulize kwanza, nyingine hutiwa nyama ya nguruwe. Mabenchi ni mafupi, gawaneni wanne wanne, na mbebe noti ndogo.