Maswali Yenu: Kumpata Mchezaji wa Thamani Katika Drafti ya Fantasi

Ndugu Mwandishi, sisi ni watu wanane tunaocheza drafti ya fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, yaani tunapokezana zamu kuchagua wachezaji halisi, kisha tunashindania pointi wanazopata katika mechi zao. Kila msimu nachagua majina makubwa na kila msimu nashika mkia, ilhali mwenzetu ambaye kikosi chake huwa tunakicheka siku ya kuchagua ndiye anayemaliza juu. Msimu ujao nimepangiwa zamu ya tatu. Nimtambue vipi mchezaji mwenye thamani?

Ndugu msomaji, ushauri mwingi unaosambaa kuhusu fantasi unahusu ule mchezo wa kawaida wa bajeti ya pauni milioni 100, ambamo mchezaji mmoja anaweza kumilikiwa na mamilioni ya watu, na nadhani ndio unaokupoteza. Katika drafti hakuna bei, hakuna nahodha anayezidishiwa pointi, na mchezaji akishachukuliwa na mmoja wenu, wengine saba hawana lao tena kwake. Kwa hiyo pointi ambazo mchezaji anatarajiwa kuleta ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni pointi za yule ambaye ungeweza kumpata katika nafasi hiyohiyo ya uwanjani zamu yako ikirudi, na tofauti kati ya wawili hao ndiyo thamani unayoitafuta.

Tuihesabu ligi yenu. Kila mmoja anajaza kikosi cha wachezaji 15, yaani makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, hivyo wote wanane mnahitaji makipa 16, mabeki 40, viungo 40 na washambuliaji 24. Ligi Kuu ina timu 20, na kila timu ina kipa mmoja mwenye namba, kwa hiyo hata kila mmoja wenu akichukua makipa wawili wanaocheza, wanne bado watabaki bila mwenyewe, na msimu mzima watapatikana bure kwa yeyote anayewataka. Anayemchukua kipa katika duru ya nne, yaani kila mmoja wenu anapochagua mchezaji wake wa nne, amekinunua kwa bei ghali kitu ambacho karibu kinagawiwa. Kwa washambuliaji mambo ni kinyume kabisa: timu nyingi za siku hizi huanza na mshambuliaji mmoja wa kati, huku mawinga wengi wakiorodheshwa kama viungo, kwa hiyo ninyi mnahitaji washambuliaji 24 kutoka kwenye kundi ambalo wenye namba za uhakika hawazidi sana 20. Mtu anayesubiri hadi duru ya kumi atajikuta na washambuliaji wawili wanaosugua benchi. Afueni ni kwamba kanuni inataka mshambuliaji mmoja tu kati ya kumi na mmoja wanaoanza, kwa hiyo ukiwakosa wa maana, ni heri kupanga mabeki watano kuliko kumng'ang'ania mshambuliaji anayeingia dakika ya 80.

Sasa zamu yako ya tatu. Kwa kuwa mpangilio hugeuka kila duru, aliyechagua mwisho akianza duru inayofuata, utachagua wa 3, kisha wa 14, wa 19 na wa 30. Kati ya uchaguzi wako wa 3 na wa 14 watapita wachezaji kumi, na hapo huwezi kubashiri mengi. Mchukue aliye bora na usonge mbele. Lakini kati ya wa 14 na wa 19 wanaochagua ni wenzako wawili tu, wa kwanza na wa pili, kila mmoja mara mbili. Ikifika zamu ya 14, vitazame vikosi vya hao wawili kabla ya kuitazama orodha. Ukisita kati ya beki na mshambuliaji, na ukaona kwamba kila mmoja wao tayari anaye beki tegemeo lakini hana mshambuliaji, mchukue mshambuliaji sasa, kwa sababu beki wako ana nafasi kubwa ya kuwapo bado ikifika zamu ya 19. Nashuku mwenzenu mnayemcheka anafanya jambo hili kimyakimya.

Ndugu Mwandishi, programu hutupangia wachezaji kuanzia bora hadi wa mwisho. Je, niifuate orodha hiyo, au nizipange pointi za msimu uliopita mimi mwenyewe?

Vyote viwili vina kasoro moja, nayo ni kutazama nyuma. Mohamed Salah alimaliza msimu wa 2024/25 akiwa na mabao 29, pasi za mabao 18 na pointi 344, rekodi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia katika mchezo huu, na ilikuwa vigumu kumlaumu yeyote aliyemchagua wa kwanza msimu uliofuata. Hata hivyo, kufikia mwanzoni mwa Desemba 2025 alikuwa akianzia benchi pale Liverpool. Simtaji ili kusema kwamba nyota wakwepwe, la. Namtaja kwa sababu pointi za mwaka jana zinakuambia alichofanya mchezaji katika mazingira ambayo huenda yamekwisha badilika.

Ninachoshauri ni kusoma mabadiliko ya kazi, hasa penalti. Ivan Toney alipoondoka Brentford mwaka 2024, mabao na penalti zake zilihitaji mtu wa kuzirithi, naye Bryan Mbeumo alikuwa palepale, tena ameorodheshwa kama kiungo. Akafunga mabao 20 msimu wa 2024/25. Chris Wood wa Nottingham Forest alifunga mabao 20 pia msimu huohuo. Lakini bao la kiungo lina pointi 5 na la mshambuliaji lina pointi 4, kwa hiyo mabao yaleyale yalimpa Mbeumo pointi 100 na Wood pointi 80, kabla ya kuhesabu ile pointi moja ambayo kiungo hupata timu yake isiporuhusu bao. Katika mchezo wa bajeti mjadala ungeishia hapo. Katika drafti bado upo, kwa sababu aliyempata Wood katika duru za mwisho alikuwa ameziba nafasi ambayo wenzake walihangaika nayo msimu mzima, na sina hakika kwamba pointi 20 pungufu zilimfanya ashindwe na mwenye Mbeumo.

Kwa mabeki, ongeza jambo moja. Tangu msimu wa 2025/26, beki akifikisha jumla ya matukio 10 ya kuokoa, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mpira katika mechi moja hupata pointi 2. Beki wa kati wa timu inayoshambuliwa sana, ambaye zamani hakuna aliyemtaka, sasa anaweza kuambulia kitu hata timu yake ikifungwa, na orodha za watu wengi bado hazijalizoea jambo hilo.

Ndugu Mwandishi, duru tatu za mwisho huwa nachukua wachezaji wa akiba wa kutegemewa. Kaka yangu anasema napoteza nafasi. Nani yuko sahihi?

Kaka yako, kwa maoni yangu. Mchezaji wa wastani anayecheza kila wiki utamkuta kwenye soko la wachezaji huru, yaani wale wasio kwenye kikosi cha yeyote kati yenu, mwezi Oktoba kama ulivyomwacha Agosti. Duru ya 13 hadi ya 15 watafute wale ambao mambo yakiwaendea vizuri hutawapata tena: kijana anayegombea namba, mgeni aliyesajiliwa kutoka ligi nyingine, mshambuliaji wa timu iliyopanda daraja anayepiga penalti. Wengi wao watashindwa, nawe utawaacha bila hasara.

Wala usifunge daftari baada ya drafti, kwa kuwa dirisha la usajili huwa bado liko wazi. Cole Palmer alihamia Chelsea tarehe 1 Septemba 2023, msimu ukiwa umeanza, akamaliza na mabao 22 na pointi 244, nyingi kuliko za mchezaji mwingine yeyote mwaka huo. Katika ligi nyingi za drafti alikuwa mchezaji huru siku hiyo, na aliyemtaka alihitaji tu kumwacha mtu wake wa duru ya 15.

Ndugu Mwandishi, je, nimkwepe mchezaji atakayekwenda AFCON katikati ya msimu?

Usimkwepe, msubiri ashuke. Fainali za 2025 nchini Morocco zilianza tarehe 21 Desemba na kumalizika tarehe 18 Januari, muda ambao kwa timu iliyofika mbali uligharimu mechi chache tu kati ya 38. Wenzako wakiogopa hadi akakufikia duru mbili chini ya kiwango chake, mchukue, ila hakikisha una mtu wa nafasi yake kwa wiki hizo, na usichukue watatu wa namna hiyo kwa mkupuo.