Kochi la kulalia wageni: kitambaa kichagulie usiku, si dukani

Tunakaa fleti ya vyumba viwili pale Michenzani, Unguja, na wageni hawatupungui. Shangazi yangu akitoka Pemba kuja hospitali hufikia kwetu. Mawifi wakija harusini hufikia kwetu. Sikukuu ikifika, watoto wa ndugu hujaa mpaka ukumbini. Ndiyo sababu tulinunua kochi la kulalia, lile unalolivuta likawa kitanda, na mie nikachagua la leza, ile inayofanana na ngozi, rangi ya kahawa iliyokolea. Lilikuwa linang'aa. Muuzaji alilipangusa kwa kitambaa kibichi mbele yangu akaniambia, "Dada, hili uchafu haushiki." Nikalipa.

Shangazi alilala juu yake mara ya kwanza mwezi wa tatu, kaskazi imeshalegea na mvua za masika bado hazijaanza, ule wakati ambao hata jani halitikisiki. Usiku umeme ukakatika, feni ikasimama. Shuka niliyomtandikia ikawa inateleza kila anapogeuka, na alfajiri nilipokwenda kumwamsha kwa sala niliikuta imejikusanya yote miguuni. Yeye kakaa kitako, anabandua mkono wake uliogandana na leza kwa jasho. "Mwanangu," akaniambia, "kesho nitandikie mkeka chini. Mie hapa napikika." Mtu mzima, mgonjwa, katoka Wete mpaka Mkoani, akapanda boti mpaka Unguja, halafu nimlaze mahali kama pale. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, na ndilo jambo lililonifanya nijifunze habari ya vitambaa.

Masika ya mwaka wa pili leza yenyewe ikaanza kubanduka. Ilianzia penye mkunjo, ikaja pale vichwa vinapoegemea, na vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu vikawa vinanata migongoni mwa kanzu. Nilidhani nimelitunza vibaya. Kumbe leza nyingi za makochi ni kitambaa kilichopakwa tabaka jembamba la plastiki iitwayo poliyurethani, na tabaka hilo huvunjwavunjwa na joto pamoja na unyevu wa hewa. Kwetu masika unyevu hupita asilimia 80, na joto halipungui sana. Hakuna mafuta wala sabuni ya kulirudisha likishaanza kumomonyoka. Ipo leza ya PVC, plastiki ya namna nyingine, ambayo haisumbuliwi hivyo na unyevu, lakini hukakamaa kwa miaka na kupasuka, na kochi la kulalia ni mikunjo mitupu.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Kochi la kawaida hukaliwa tu. Hili hukaliwa mchana, likalaliwa usiku, likanywa jasho na mafuta ya nazi ya nywele, na asubuhi likakunjwa haraka kabla halijakauka ili ukumbi upate nafasi. Kitambaa chake kinafanya kazi ya kochi na ya godoro kwa pamoja, kwa hiyo usikichague kwa macho ya mchana peke yake.

Pamba tupu hulalika vizuri kuliko vyote, sina ubishi. Inapitisha hewa na inanyonya jasho. Lakini hupungua ikifuliwa, masika haikauki upesi, na kuvu huipenda. Poliesta tupu ni kinyume chake: inakauka haraka, haipungui, rangi haichujuki upesi juani, ila usiku inahifadhi joto mwilini. Mahameli ni nzuri kutazama, na ikiwa imefumwa kwa kubana hata kucha za paka hazishiki upesi, lakini manyoya yake hulala penye mkunjo yakaacha mstari usiotoka, tena ina joto. Kitani hukunjamana. Mie nilipolivalisha upya lile kochi nilichagua mchanganyiko wa pamba na poliesta uliofumwa kwa kubana, na baada ya miaka minne bado ndio ninaomshauri mtu yeyote mwenye kochi la namna hii visiwani.

Ukienda sokoni Darajani usitosheke na maneno "hii ni pamba". Omba kipande cha ukubwa wa kiganja. Muuzaji akikunyima, nenda duka la pili. Nyumbani chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya sinki lenye maji, uziwashe. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na majivu yake ni laini. Poliesta huyeyuka, hujikunja, na huacha kijipira cheusi kigumu. Mchanganyiko hukuonyesha yote mawili. Kisha lowesha kitambaa cheupe usugue juu ya kile kipande kwa nguvu. Ikitoka rangi, kiache, kwa sababu jasho la mgeni aliyevaa kanzu nyeupe litafanya kazi ileile. Mwisho kiinue dhidi ya dirisha: ukiona mwanga unapenya katikati ya nyuzi, kimefumwa kwa kulegea na kitatanuka. Vitambaa vingine kutoka nje huja na lebo yenye kipimo cha msuguano kiitwacho Martindale. Kwa kochi la kulalia tafuta mizunguko 25,000 au zaidi.

Sasa fundi. Fundi wangu alitaka kukipiga kitambaa pini moja kwa moja juu ya sponji, kama afanyavyo makochi yote. Ni rahisi kwake, na nikamwelewa. Lakini nilimsihi anishonee foronya zenye zipu, na nimeshukuru kila masika tangu hapo. Kitambaa kisichovuliwa hakifuliwi, na kisichofuliwa hukusanya vumbi na jasho. Hapo hata poliesta huota kuvu. Zipu ziwe za plastiki, maana za chuma hushika kutu kwa hewa ya bahari na kutu hutia doa lisilotoka. Chini ya foronya alivalisha sponji kwa kitambaa cha merikani, kile kile kilichobeba jina la Marekani kwa sababu merikebu za huko ndizo zilizokuwa zikikileta Unguja karne ya 19, ili foronya ikivuliwa sponji isichunike. Na kitambaa chote nilikifua na kukianika kabla hakijakatwa. Fundi alinung'unika kwa kucheleweshwa siku mbili, lakini kilipungua karibu vidole vitatu. Kama kingepungua baada ya kushonwa, zipu zisingefunga.

Asubuhi usikimbilie kulikunja. Toa shuka, fungua madirisha, liache wazi walau saa moja.

Jambo jingine: nunua mita moja ya ziada, uifunge, uiweke kabatini. Jora moja na jora jingine rangi hazilingani, hata kama namba ni ile ile, na mwakani duka huenda halina tena. Mie ilinifaa Shaaban iliyopita. Nilikuwa nafukiza udi ukumbini, cheche ikaruka kutoka chetezoni ikatua kwenye mto wa kushoto, na kabla sijaifikia ilikuwa imeacha tundu la ukubwa wa choroko, ukingo wake mweusi na mgumu. Nilivua foronya, nikaipeleka kwa fundi pamoja na ile mita, akabadilisha uso mmoja tu. Ilikuwa kazi ya alasiri moja. Shangazi aliteremka botini siku ya pili yake, na usiku akalala upande ule ule wa kushoto, karibu na dirisha.