Msitengeneze gemu la AR mkiwa mmekaa

Naandika hii kwa wanafunzi ambao ndo kwanza wameunda timu na mmoja wao kaja na wazo la gemu la simu la AR, yaani uhalisia ulioongezwa, ile unafungua kamera unaona chumba chako kama kilivyo halafu ndani yake kuna vitu ambavyo havipo. Mimi nimepita humo. Tulikuwa watano, mradi wa muhula mzima, na kama kuna jambo moja natamani tungeambiwa wiki ya kwanza ni hilo la kwenye kichwa cha habari. Simameni, shikeni simu, tembeeni.

Gemu letu lilikuwa la vimulimuli. Mchezaji anazunguka chumbani kwake anawakusanya kabla taa yake haijazimika, na wao wanajificha nyuma ya viti na chini ya meza. Wazo zuri tu. Sasa sisi tukafanya kama tulivyozoea kwenye miradi mingine, kila mtu kwenye kompyuta yake, Unity, programu ya kutengenezea magemu, imefunguliwa, tumetengeneza chumba cha uongo ndani ya kompyuta na kila kitu kinaenda safi, wiki sita nzima tunapongezana. Lakini chumba cha kwenye kompyuta hakikusumbui hata kidogo, sakafu yake ni sakafu muda wote, mwanga haubadiliki, na hakuna mkono wa mtu unaotetemeka.

Wiki ya saba ndo tukaliweka kwenye simu kwa mara ya kwanza. Vimulimuli walikuwa wakubwa kama mbuzi. Unity inahesabu kipimo kimoja kuwa mita moja, kwenye kompyuta hukioni kitu hicho kwa sababu huna cha kulinganisha nacho, ukisimama nacho chumbani unakiona sekunde hiyohiyo. Wengine walikuwa wamezama ukutani, wengine ukigeuka wanahama polepole kama wanasukumwa na maji. Wiki sita za kazi, na karibu nusu ya hiyo kazi ikabidi irudiwe.

Ili muelewe kwa nini inakuwa hivyo lazima mjue simu inajuaje iko wapi. Kamera inatafuta vialama kwenye picha, kona ya meza, doa, mistari ya mbao, chochote kinachotofautiana na kilicho pembeni yake, halafu inavifuatilia fremu baada ya fremu, yaani picha moja moja za video, na kuchanganya na taarifa za vihisi vya mwendo vilivyomo ndani ya simu, hapo ndo inapiga hesabu kwamba nimesogea kiasi hiki, nimegeuka kiasi hiki. ARCore ya Google kwa Android na ARKit ya Apple kwa iPhone, programu zinazofanya hesabu hiyo na zote zilitangazwa 2017, msingi wao ni huohuo. Kwa hiyo ukuta mweupe mtupu kwa simu ni kama giza, hakuna cha kushika. Kioo kinaidanganya, sakafu inayong'aa inaidanganya, mwanga hafifu unaipofusha. Na mwanzoni kabisa mchezaji lazima asogeze simu kidogo ili chumba kionekane kutoka pembe tofauti, akiishika kwa utulivu tu simu haitaipata sakafu. Hili msimweleze kwa maandishi marefu, wekeni kapicha ka mkono unaosogeza simu huku na huku, inatosha.

Sisi haya tuliyasoma, tena tulikuwa na kurasa za maelezo. Ila kusoma ni kitu kingine. Siku zote tulijaribia kwenye chumba kimoja chenye zulia la maua maua, simu inalipata lile zulia ndani ya sekunde mbili, tukaamini kabisa gemu letu liko imara. Siku kumi kabla ya kuwasilisha tukaenda kufanya mazoezi kwenye ukumbi wenyewe. Sakafu ya vigae vyeupe vinavyong'aa, taa zimepunguzwa kwa ajili ya projekta. Simu ikatafuta sakafu dakika nzima haikupata kitu. Hakuna aliyesema neno. Kumbe muda wote zulia ndo lilikuwa linatufanyia kazi na sisi hatukujua.

Usiku ule tulibishana sana halafu tukakubali kubadilisha gemu lenyewe badala ya kupigana na sakafu, na huu ndo uamuzi bora tuliofanya muhula mzima. Tukauliza, hivi vimulimuli wanahitaji sakafu ya nini? Wanaruka. Tukawaweka hewani usawa wa kifua, wakipimwa kutoka pale simu ilipoanzia, na kwa usawa huo kamera inaona viti, milango, fremu za madirisha, vitu vingi vya kushika. Habari ya kujificha nyuma ya viti nayo tukaiacha, maana ilikuwa inatutesa toka mwanzo, simu nyingi hazijui kama kiti kiko mbele au nyuma, kwa hiyo kimulimuli anayetakiwa awe nyuma ya kiti anachorwa juu ya kiti na uongo unaonekana palepale. ARCore ina uwezo wa kukadiria umbali wa vitu toka 2020 ila si kila simu inao, na simu zetu hazikuwa nao. Badala yake wakawa wanajificha mgongoni kwa mchezaji. Unasikia mlio upande wa kushoto, unageuka, kapita. Tulitafuta njia ya kukwepa tatizo tukapata gemu zuri kuliko la kwanza.

Kabla hamjaandika hata mstari mmoja, kusanyeni simu za timu yote mziangalie kama zimo kwenye orodha ya simu zinazokubali ARCore, Google wameiweka wazi. Kwa iPhone ni rahisi zaidi, kuanzia 6s inakubali. Kwetu zilikuwepo Android tatu, mbili hazimo, kwa hiyo simu moja ya mwenzetu ndo ikawa ya kujaribia ya timu nzima na yeye akikosa kipindi basi na sisi tumekwama. Mjue mapema simu ya kuwasilishia ni ipi, na ya akiba ni ipi.

Joto pia. Kamera, vihisi na michoro vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja, simu inapata moto, ikipata moto inapunguza kasi yenyewe kujilinda, na hapo gemu linaanza kukwama kwama. Ukitaka fremu 30 kwa sekunde una milisekunde 33 tu kwa kila fremu, na AR inachukua fungu lake kwanza kabla yako. Sisi tulipunguza michoro sana na kila raundi tukaifanya dakika tatu. Mkono nao unachoka, msisahau, hakuna anayependa kunyanyua simu robo saa.

Halafu jiulizeni kwa ukweli, kamera ina kazi gani kwenye gemu lenu? Pokémon GO, gemu la simu la kutembea mitaani ukikamata viumbe vya kubuni, ilitoka 2016 na dunia nzima ikaijua AR kupitia hiyo, lakini ina swichi ya kuzima kamera na wachezaji wengi waliizima, betri inadumu na kukamata kunakuwa rahisi. Kilichowatoa watu nje ilikuwa ramani. Kama lenu ukizima kamera halipungukiwi chochote basi tengenezeni gemu la kawaida tu, halina ubaya wowote, na mtalala usingizi.

Kuhusu kugawana kazi sitasema mengi. Msifungue sini moja ya Unity, yaani faili lenye mpangilio wa vitu vya gemu, watu wawili kwa wakati mmoja, ugomvi wa kuunganisha ile faili ulitula siku mbili, gawanyeni vipande vidogo kila mtu na chake. Na GitHub, tovuti ya kuhifadhia kazi ya pamoja, inakataa faili linalozidi MB 100, mtaligundua usiku mkiwa na haraka.

Muhimu kuliko hayo ni kumpa simu mtu ambaye hajawahi kuliona gemu, halafu nyamazeni. Msimwelekeze. Mama wa mwenzetu mmoja alishika simu akasimama palepale, hakugeuka hata kidogo, akasubiri kitu kitokee kwenye kioo kama anaangalia video. Sisi tuliona ni jambo la wazi kwamba unatakiwa kuzunguka, ila kwa nini ajue? Toka siku hiyo kimulimuli wa kwanza anatokea mbele ya mchezaji, anakaa kidogo, halafu anaruka polepole kuelekea kulia, macho yanamfuata na mwili unafuata macho. Hakuna tena aliyesimama palepale. Na mwenzetu alipojigonga goti kwenye kona ya meza akirudi nyuma kumkwepa mdudu, tuliondoa kila kitu kinachomfanya mchezaji arudi kinyumenyume, maana anayeangalia simu haoni nyuma yake.

Kwa hiyo wiki ya kwanza, kabla ya modeli za vitu wala muziki wala menyu, wekeni mchemraba mmoja wa sentimita 10 hewani na tokeni nao. Korido, darasani, chumba chenye ukuta mtupu, nje juani, nje jioni, na ukumbi mtakaowasilishia kama mnaujua. Uzungukeni, uchungulieni kwa chini, geukeni haraka, funikeni kamera kwa kidole halafu mfunue. Andikeni mchemraba umehama wapi na umepotea wapi.

Sisi siku ya kuwasilisha tulienda na simu mbili zimejaa chaji, tukaomba taa za mbele ziwashwe, na majaji walizunguka ukumbini mmoja mmoja wakitafuta vimulimuli migongoni mwao.